Joto la injini linaloufikia mguu wa mwendeshaji

Swali: Mtaalamu, ninaendesha pikipiki kubwa ya safari ndefu yenye injini ya V ya silinda mbili, inayopozwa kwa hewa. Mwaka jana niliibadilisha kuwa ya magurudumu matatu kwa sababu goti langu haliwezi tena kuubeba uzito wake nikisimama. Tangu hapo, nikikwama kwenye foleni, paja langu la kulia huwaka moto mpaka ngozi inakuwa nyekundu, na mke wangu anayekaa nyuma hulalamikia joto la nyonga. Fundi mmoja anasema niizungushie ekzosi utepe wa kuzuia joto, mwingine anataka kuondoa katalisti, na rafiki yangu anasisitiza kwamba oili ya sintetiki ndiyo dawa. Nianzie wapi?

Jibu: Pole sana kwa paja hilo, na usilipuuze, maana ngozi inayogeuka nyekundu kila safari iko karibu na kuungua kuliko watu wengi wanavyodhani. Kabla hujanunua chochote, tenganisha mambo mawili ambayo washauri wako watatu wameyachanganya: joto la injini ni jambo moja, na joto linalomfikia mwendeshaji ni jambo jingine. Injini inaweza kuwa katika halijoto yake ya kawaida kabisa, haina ugonjwa wowote, huku wewe unabanikwa. Inawezekana pia kuipoza injini zaidi na wakati huohuo kukuzidishia mateso, kwa sababu joto linaloondolewa kwenye injini halipotei, linahama tu, na likihamia upande uliokaa wewe hujapata nafuu yoyote. Kwa hiyo ninachotaka ujiulize katika kila ushauri unaopewa, ukiwemo wangu, ni kwamba joto linakufikia kwa njia ipi, na njia hiyo itazibwa au itageuzwa vipi.

Kiasi chenyewe si kidogo. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya takriban megajuli 32. Pikipiki inayotumia lita 5 kwa kila kilomita 100, ikienda kilomita 90 kwa saa, huchoma lita 4.5 kwa saa, ambazo ni sawa na kilowati 40, na katika hizo ni robo hadi theluthi moja tu inayogeuka kuwa kazi ya kukusukuma mbele. Zilizobaki, kilowati 27 au zaidi, ni joto tupu, kana kwamba pasi 27 za wati 1000 zimewashwa kwa pamoja kati ya magoti yako. Ukiwa mwendoni, upepo hulichukua sehemu kubwa ya joto hilo kabla hujalihisi. Kwenye foleni injini huchoma kidogo, lakini hata ikitumia lita 1 tu kwa saa hiyo ni karibu kilowati 9, na kwa kuwa pikipiki haiendi popote, karibu zote huishia kuwa joto na hakuna upepo wa kulibeba.

Joto hilo hukufikia kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kugusana: fremu hupashwa moto na injini, siti hupashwa na fremu, na siti inakugusa. Ya pili ni hewa moto inayopanda kutoka kwenye mapezi ya silinda, yaani vile vibati vyembamba vinavyoizunguka silinda ili kutoa joto lake, na kupenya katika uwazi ulio kati ya tangi na siti. Ya tatu ni mnururisho, yaani joto linaloruka moja kwa moja kutoka kwenye bomba la moto hadi kwenye ngozi bila kuhitaji hewa, kama unavyolihisi usoni ukikaa mbele ya moto wa kuni. Njia hii ya tatu ndiyo ninayoishuku zaidi kwako, na ina tabia moja inayofaa kuijua: nguvu yake huongezeka kwa kasi mno bomba linapozidi kupata moto. Bomba likitoka nyuzi joto 300 za Selsiasi hadi 400, mnururisho wake karibu unakuwa maradufu. Ndiyo maana dakika chache za ziada kwenye foleni huleta tofauti kubwa kuliko unavyotarajia.

Mahali panapoungua pia hukuonyesha chanzo. Katika injini nyingi za V za aina yako mabomba ya moshi hutokea upande wa kulia, na bomba la silinda ya nyuma hupinda likipita karibu kabisa na upande wa ndani wa paja la kulia. Silinda hiyo ya nyuma ndiyo yenye moto zaidi, kwa sababu imejificha nyuma ya mwenzake na hewa inayoifikia imekwisha kupashwa. Katalisti, lile pipa lenye umbo la masega ya nyuki ndani yake linalosafisha moshi, mara nyingi hukaa chini zaidi, usawa wa shavu la mguu. Kama ungelalamikia shavu la mguu au kifundo, ningeliangalia hilo kwanza. Umelalamikia paja, nami naangalia bomba la nyuma na kichwa cha silinda ya nyuma.

Na kwa nini hali ilizidi baada ya gurudumu la tatu? Watu wengi hudhani fundi aliyefanya mabadiliko aliharibu kitu kwenye injini. Mara nyingi hakuharibu chochote. Mwenye pikipiki ya magurudumu mawili akisimama huteremsha mguu chini, na goti hutoka nje, mbali na injini. Wewe sasa miguu yako inabaki juu ya vikanyagio, mapaja yakiwa yameikumbatia injini muda wote. Pili, huwezi tena kupenya kati ya magari, kwa hiyo unasubiri kwenye foleni kama gari lolote. Tatu, bodi pana ya nyuma pamoja na makava ya magurudumu huizuia hewa moto isitoke kwa urahisi chini na nyuma, ikabaki inazunguka kwenye nyonga za abiria. Uzito ulioongezeka nao unataka mafuta zaidi, ingawa kwa paja lako hilo ni dogo ukililinganisha na lile la kwanza.

Sasa upime, usikisie. Nunua kipimajoto cha miali, kile kinachoelekezwa kwenye kitu bila kukigusa, lakini ujue kwamba kinadanganya kwenye kromu. Vipimajoto vingi vya bei ya kawaida vimewekwa kwa ajili ya nyuso zisizong'aa, na bomba la kromu lenye nyuzi joto 300 linaweza kuonekana kama halijafika hata 100. Paka tone la rangi nyeusi isiyong'aa inayostahimili moto, ukubwa wa sarafu, mahali pasipoonekana kwenye ngao ya bomba, lile bati linalolikinga bomba la moshi, na jingine kwenye bomba lenyewe, kisha uelekeze kipimajoto kwenye matone hayo. Pima pia pembe ya siti, ubavu wa tangi na fremu chini ya paja. Fanya hivyo baada ya mwendo wa nusu saa, kisha baada ya dakika 10 za kusimama injini ikinguruma mahali penye hewa ya kutosha, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Andika namba zote.

Jambo la pili la kufanya halina gharama kabisa. Kata vipande vya uzi wa sufu vya urefu wa kidole, uvibandike kwa utepe kwenye ubavu wa tangi, ukingo wa siti na ndani ya kava la mbele, halafu mtu mwingine akuangalie au akupige picha ya video ukiwa mwendoni. Nimefanya hivi mara nyingi na bado hunishangaza: kwenye pikipiki yenye kioo kirefu cha mbele, nyuzi zilizo kwenye tangi hazielekei nyuma, bali zinasimama na kuelekea juu, usoni kwa mwendeshaji. Kioo kirefu hutengeneza nyuma yake eneo la hewa yenye mgandamizo mdogo, na eneo hilo huivuta hewa ya injini kuja kwako. Ukiziona nyuzi zako zikifanya hivyo, umeipata njia ya hewa moto ukiwa mwendoni, na dawa yake ni kufungua tundu la hewa chini ya kioo kama lipo, kutumia kioo kifupi zaidi wakati wa joto, au kuongeza vibawa vidogo kwenye pande za fremu vinavyoisukuma hewa ya injini nje na kuleta hewa baridi kwenye mapaja. Kama una makava ya kukinga miguu mbele ya injini, yavue msimu wa joto. Yanazuia mvua vizuri, lakini yanazuia vilevile hewa inayohitajiwa na silinda.

Kabla ya kuweka ngao hakikisha injini haina ugonjwa, kwa sababu ngao juu ya injini mgonjwa ni kuficha homa. Mwambie fundi akague kama hewa inaingia pasipotakiwa kwenye maungio ya manifoldi, yaani njia inayopeleka hewa na petroli kwenye silinda, maana hewa hiyo hufanya mchanganyiko uwe na petroli pungufu na moto uzidi. Kama gasketi ya ekzosi inavuja. Kama muda wa cheche umechelewa, jambo linalosukuma mwako kuelekea kwenye bomba la moshi. Na kama breki yoyote inakwaruza gurudumu likiwa huru. Angalia pia matope na wadudu kwenye kipoza oili na katikati ya mapezi ya silinda. Pikipiki iliyobadilishwa huwa imelala karakana muda mrefu, na nimewahi kuitoa nyasi iliyokauka na manyoya ya ndege kutoka kwenye mapezi ya silinda ya nyuma, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Ikiwa yote hayo ni salama, pesa yako ya kwanza iende kwenye ngao. Ngao nzuri ya joto hufanya kazi kwa sababu ya nafasi iliyo nyuma yake kuliko unene wake. Bati la alumini lililong'arishwa, likikaa milimita 10 au zaidi kutoka kwenye bomba na hewa ikipita katikati, hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho lilikotoka, nalo lenyewe hubaki na moto wa wastani. Bati hilohilo likigusa bomba linakuwa bomba la pili. Kagua basi ngao ya kromu uliyonayo sasa: vibanio vikilegea, ngao hulala juu ya bomba, na kosa hilo dogo nimelikuta mara nyingi kwa watu waliokuwa tayari kutumia fedha nyingi. Kisha weka ngao ya chini ya siti, ambayo ni kipande cha alumini au ngozi nene kinachoziba ule uwazi ulio kati ya tangi, fremu na siti juu ya silinda ya nyuma. Kwa paja, kipande hiki ndicho ninachokiamini kuliko kingine chochote.

Kwa siti yenyewe na kwa mke wako, fungua siti na uone chini yake. Bandika mkeka wa kuzuia joto wenye uso wa alumini kwenye upande wa chini wa siti na kwenye ukuta wa mbele wa bodi ya nyuma, uso unaong'aa ukielekea injini. Hakikisha gundi yake imetengenezwa kwa ajili ya injini, nyaya na mikanda haiguswi, na matundu ya kutolea hewa yanabaki wazi. Mteja wangu mmoja aliziba kila uwazi kwa mkeka wa namna hiyo, akapoa vizuri, na baada ya majuma kadhaa betri yake ikaanza kuvimba, kwa kuwa joto lililokosa njia ya kutoka lilikuwa limejikusanya upande wake. Kila unapoziba njia moja ya joto, fikiria litatokea wapi.

Nimefika kwenye ushauri wa washauri wako. Utepe wa kuzungushia ekzosi hupunguza kweli mnururisho, lakini kwa pikipiki ya safari ndefu siupendekezi. Unalifungia joto ndani ya bomba, kwa hiyo chuma chenyewe kinafanya kazi katika moto mkali zaidi, na ukilowa mvua unashika unyevu juu ya chuma hicho. Niliufunga kwenye pikipiki yangu mwenyewe, nikaufungua baada ya miaka miwili, na chuma kilichokuwa chini yake kikatoka kwa magamba, mengine makubwa kama ukucha wa kidole gumba. Watengenezaji kadhaa huacha kudhamini bomba lililofungwa hivyo. Ukitaka matokeo ya aina hiyo, mpe fundi mwenye tanuri alipake bomba rangi ya seramiki ndani na nje. Gharama yake ni kubwa, lakini haishiki maji.

Katalisti usiiondoe. Ni kweli huwa ya moto sana, kwani haifanyi kazi vizuri mpaka ipate takriban nyuzi joto 300, na anayesema kwamba kuiondoa hupunguza joto chini ya mguu hasemi uongo. Lakini paja lako linaunguzwa na bomba lililo juu yake, ambalo litabaki palepale. Zaidi ya hayo, katika nchi nyingi kuiondoa ni kuvunja sheria, na kinachotoka ni monoksidi ya kaboni na moshi mwingine ambao wewe na waliosimama nyuma yako kwenye foleni mtauvuta. Injini hizi huwekewa kutoka kiwandani mchanganyiko ulio karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, ili katalisti ifanye kazi yake. Mchanganyiko wenye petroli zaidi hupunguza joto la moshi, hilo ni kweli, ila marekebisho ya namna hiyo yafanywe pale tu sheria inapoyaruhusu na yafanywe na mtu mwenye vifaa vya kupima.

Oili ya sintetiki ni nzuri na ninaitumia. Inastahimili moto mkubwa bila kuharibika haraka, jambo linaloilinda injini inayosimama foleni. Paja lako, hata hivyo, halitajua tofauti. Kipoza oili kikubwa zaidi, hasa chenye feni yake, kitashusha joto la oili na kuirefushia injini maisha, nalo ni jambo jema kwa injini. Vivyo hivyo feni ndogo za umeme zinazopuliza silinda pikipiki ikiwa imesimama: mara nyingi hufungwa kushoto na kupuliza kuelekea kulia, na kulia ndiko liliko paja lako. Ukizinunua, tafuta aina inayoelekeza hewa chini au nyuma, na upime uwezo wa altaneta, yaani jenereta ya pikipiki, kabla ya kuunganisha.

Watengenezaji wenyewe wamepitia njia hiihii. Honda Gold Wing ilitoka kiwandani mwaka 1975 ikiwa inapozwa kwa maji, na ilipokuja ile ya sentimita za ujazo 1800 mwaka 2001 rejeta mbili zilikuwa zimewekwa pembeni badala ya mbele. Harley-Davidson mwaka 2014 iliweka maji kwenye vichwa vya silinda vya baadhi ya pikipiki zake za safari, rejeta zikafichwa ndani ya makava ya miguu, na injini mpya ya mwaka 2017 ikaja pamoja na mpangilio mpya wa ekzosi uliolenga kumpunguzia mwendeshaji joto. Hiyo ilikuwa kazi ya kuchagua joto litokee wapi, ndiyo kazi uliyonayo wewe pia. Baadhi ya injini za V zina hata mfumo unaoizima silinda ya nyuma injini inapokuwa ya moto na pikipiki imesimama. Mngurumo hubadilika, ukawa wa kukatakata, na wenye pikipiki hudhani ni ubovu. Soma kitabu cha pikipiki yako. Kama mfumo huo upo na umezimwa, uwashe.

Kwenye foleni yenyewe, zima injini ikiwa unajua hutasonga kwa dakika kadhaa. Usikae na gia kubwa kwa mwendo mdogo, injini ikihangaika. Gurudumu la tatu limekupa nafasi moja ambayo wenye mawili hawana: pikipiki haiwezi kuanguka, kwa hiyo mguu wa kushoto waweza kuuweka mbele kwenye vigingi vya safari, vile vikanyagio vya ziada vya mbele, na ukishafunga breki ya kuegesha na kuweka nyutro unaweza kulitoa goti la kulia nje kwa muda. Usifanye hivyo kwenye mteremko.

Mavazi yanahitaji maneno machache. Vaa suruali nene ya ngozi au ya kitambaa cha pikipiki yenye bitana upande wa ndani wa mapaja. Suruali nyepesi hulipitisha joto hadi kwenye ngozi kwa urahisi. Hewa ikizidi takriban nyuzi joto 35, ambayo ndiyo halijoto ya ngozi yako, upepo unaoingia kwenye jaketi lililofunguliwa haukupozi tena, unakupasha. Hapo funga matundu kiasi, lowesha fulana ya ndani, na unywe maji kila kituo. Fulana iliyoloweshwa hufanya kazi vizuri kwenye hewa kavu, na karibu haifanyi kabisa kwenye hewa yenye unyevu mwingi.

Nimeacha wekundu wa ngozi mwisho kwa sababu nataka uusome taratibu. Uchunguzi wa watafiti Moritz na Henriques wa mwaka 1947 ulionyesha kwamba ngozi ikipata nyuzi joto 60 huungua kwa takriban sekunde 5, lakini ikikaa kwenye nyuzi joto 44 tu, moto ambao wengi huuita wa kuvumilika, huungua pia, ila kwa saa 6. Katikati ya viwango hivyo kuna foleni zako zote. Kama wewe au mke wako ana kisukari, au ganzi yoyote ya miguu, msitegemee maumivu kuwaonya, maana yanaweza yasije. Kagueni paja na nyonga baada ya kila safari ndefu, na malengelenge au wekundu usiotoka hadi kesho yake muonyeshe daktari. Ngao ya chini ya siti iwekwe kabla ya safari inayofuata; hayo mengine yanaweza kusubiri namba zako za kipimajoto.